Jirani wa Jumba la Maji

Unyayo wa kwanza, kinyozi aliufuta kwa tambara akaendelea na kazi. Ulikuwa umelowa, wa mguu wa kulia, umeelekea ndani, na ulikuwa mmoja tu katikati ya sakafu ya duka, hauna mwenzake mbele wala nyuma. Nje jua lilikuwa linachoma na mvua watu walishaisahau. Akajiambia ni maji ya kunyolea yamedondoka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Kilichomkwaza ni kidole. Unyayo ule ulikuwa na vidole vinne. Kile cha mwisho hakikuwepo. Na katika nyumba ile aliyekosa kidole cha mwisho cha mguu wa kulia ni mtu mmoja, mke wake, aliyeangukiwa na mchi alipokuwa mtoto. Mke mwenyewe saa hiyo alikuwa chumba cha ndani, amejilaza baada ya chakula cha mchana, na mkoromo wake, ambao huukana hadi leo, ulikuwa ukisikika vizuri nyuma ya pazia.

Jina la kinyozi yule mtaani walishalisahau. Walimwita Bwana Karibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukipita mbele ya duka lake, karibu. Ukiinuka kwenye kiti, karibu tena. Hata mwenye upara akipita alimkaribisha, akamwambia kichwa chake hakihitaji mkasi ila kitapendeza kikisuguliwa mafuta. Haukuwa unafiki. Alikuwa mtu wa watu, na kazi yenyewe ndivyo inavyotaka. Kinyozi mwenye kununa hulala na njaa.

Mkewe naye walimwita kwa jina la watoto, Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walishakuwa watu wazima na kwenda kuishi mbali. Alikuwa akifuma masweta ya watoto wa shule, na kiti chake alikiweka kwenye mlango wa katikati, mguu mmoja dukani na mmoja chumbani, ili asipitwe na maneno ya wateja.

Mwisho wa mtaa wao, si mbali na duka, palikuwa na jumba la mviringo la mawe, lenye mlango wa chuma usiofungika vizuri. Ndiko mji mzima ulikokuwa ukipata maji kabla ya mabomba, na watu wakaliita Jumba la Maji. Chini yake, walisema, kuna ngazi, na chini ya ngazi kuna nguzo nyingi zimesimama ndani ya maji. Walisema tu. Aliyeingia akaona hukumpata. Ndivyo tulivyo sisi binadamu: mtu atasafiri kutwa kwenda kushangaa ya wenzake, na lililo mlangoni kwake hulipa kisogo.

Mama Pacha alitaka kuliona tangu alipoolewa. Akiwa bado bibi arusi alimwomba mumewe ampeleke, na mumewe akasema, siku moja. Akashika mimba, siku moja. Pacha wakatambaa, wakasoma, wakaoa, siku moja. Wala si jumba lile tu. Kulikuwa na kilima ambacho ukikipanda unauona mji wote, na mnara wa saa, na stesheni ya zamani ambayo treni haziji tena; vyote hivyo wameishi navyo na hawajakanyaga hata kimoja. Mama Pacha alikuwa akisema watazikwa hapa kama wageni. Alilisema akicheka, lakini sindano zake za kufumia zilikwenda mbio zaidi kila alipolisema, na mumewe alijifanya haoni.

Bwana Karibu akaligeuza jambo lile kuwa utani. Kila asubuhi akifagia mbele ya duka aliuinua ufagio kulielekea lile jumba, akasema kwa sauti ili wateja wasikie: "Jirani, leo hatuna nafasi. Siku moja tutakuja, mimi na mke wangu." Watu wakacheka. Kesho yake tena. Utani ukawa mazoea, na mazoea mtu hayasikii tena yakimtoka kinywani.

Siku chache baada ya ule unyayo aliingia dukani mgeni, mtu wa mbali, kamera inaning'inia kifuani, akataka kunyolewa ndevu. Alikuwa ametoka Jumba la Maji na hakuweza kuacha kulisifu. Akamwuliza kinyozi yeye hupenda sehemu gani zaidi mle ndani. Bwana Karibu akaona haya, akasema ukweli kwamba hajawahi kuingia. Mgeni akacheka, akasema basi ndiyo maana yule mlinzi alikuwa akiwaulizia.

"Mlinzi gani?"

"Yule wa kule chini. Mpole sana, ila hapendi kusogea kwenye mwanga. Aliniuliza kama jirani zake hawajambo. Anasema kila siku wanamwambia watakuja, na yeye kila siku anatandika mkeka."

Wembe ukateleza. Bwana Karibu alimkata mteja shavuni, jambo ambalo halikupata kumtokea tangu aanze kazi. Jumba lile halikuwa na mlinzi. Halikuwa na mlinzi tangu mabomba yaingie mjini, na hilo kila mtu alilijua. Alikuwa bado ameshikilia pamba kwenye kidonda, ndipo Mama Pacha aliponena kutoka mlango wa katikati, bila kuinua macho kwenye sweta lake.

"Ngazi ya chini kabisa imelegea. Anayeshuka aiangalie."

Mgeni akasema ni kweli kabisa, nusura imwangushe. Alipokwisha kwenda zake, Bwana Karibu alimwuliza mkewe kwa sauti ya chini amejuaje habari za ngazi. Mama Pacha akamtazama kama mtu anayeamshwa. Akauliza, ngazi ipi?

Majini tuliosimuliwa utotoni walikuwa na adabu ya kusubiri giza. Huyu alikuja saa ya usingizi wa mchana, jua la utosi, mtaa mtupu, mbwa amelala kivulini. Kwanza ilikuja harufu, ya jiwe bichi na maji yaliyokaa muda mrefu bila kuona jua, ikajaa dukani hata poda na sabuni zisiweze kuifunika. Kisha nyayo zikaongezeka. Haukuwa tena mmoja, zilitoka kizingitini zikavuka sakafu zikaingia chini ya pazia mpaka kando ya kitanda, na zote zilikuwa za vidole vinne. Mama Pacha akiamka mto wake ulikuwa umelowa, na ncha za vidole vyake zimekunjamana, za mtu aliyeshinda anafua. Alisema hajambo. Alisema ni uchovu wa umri. Daktari alimpima damu, hakuona kitu, akamshauri apumzike zaidi, naye akapumzika zaidi, na kumbe kupumzika ndiko kulikokuwa kunammaliza.

Lakini kilichomfanya Bwana Karibu aanze kuogopa, kuogopa kwelikweli, kule kwa kukosa hamu ya kula, ni majibu yake. Akimwita, jibu halikuja papo hapo. Lilichelewa, kidogo tu, muda wa neno kushuka mahali pa chini, kugonga kitu na kupanda tena. Ndipo alipojibu, na mwisho wa jibu lile ukajirudia peke yake, mara moja, mara ya pili kwa unyonge, na midomo ya mkewe wakati huo ilikuwa imeshafungwa. Alimwambia chai tayari. Akangoja. "Nakuja," akasema Mama Pacha, na chumba kikasema kuja, kikasema kuja.

Siku hiyo Bwana Karibu alifunga duka mapema. Akachukua kigoda, akakaa kando ya kitanda kumlinda mkewe akilala, na wembe mkononi, kana kwamba kuna mtu wa kukatwa. Mama Pacha alilala chali, mikono kifuani. Akakoroma kidogo. Kisha mkoromo ukakatika, na kifua kikawa kinapanda na kushuka polepole mno, na ngozi ya uso ikapoa, na Bwana Karibu alimshika mkono akaona ni baridi, akataka kumwita, lakini kutoka mtaani, kutoka upande wa mwisho wa mtaa, aliisikia miguu ya mkewe ikija, anaijua, ameisikia miaka yote ya ndoa yao, huu mzito huu mwepesi, huu mzito huu mwepesi, ikija bila haraka kama ya mtu anayetoka kutembea kwa mashoga zake, na pamoja nayo kulikuwa na mwendo mwingine usiokuwa wa miguu, mwendo wa kitu kirefu kilicholowa kinachoburutwa juu ya mawe, na vyote viwili vikafika kwenye mlango wa duka aliokuwa ameufunga kwa komeo mwenyewe, na mlango haukufunguka, lakini sasa vilikuwa ndani, upande wa pili wa pazia, vinaagana.

"Ahsanteni kwa leo," alisema Mama Pacha kule dukani, na hapa kitandani midomo yake haikutikisika. "Kesho nitakuja tena."

"Kesho usirudi huku," ikajibu sauti nyingine, ya upole kabisa, ya mwenyeji mwema. "Tumeshakuzoea. Mumeo hana nafasi, na sisi tumechoka kutandika na kukunja. Kesho lala huko huko."

"Haya," akasema Mama Pacha.

Pazia likavimba kidogo. Nyayo zikaingia moja baada ya moja, zinajichora sakafuni na hakuna anayezikanyaga, mpaka kitandani. Na mwanamke akavuta pumzi kubwa, akafumbua macho, akamwona mumewe na wembe wake. Alimuuliza, baada ya kuchelewa, kama ameamua kumnyoa akiwa amelala. Bwana Karibu hakucheka. Alimwomba asilale tena mpaka atakaporudi, akatoka mbio bila viatu.

Alikwenda kwa shangazi yake. Mwanamke huyu alikuwa mtu wa mambo hayo, lakini usimdhanie mganga wa hirizi na manyoya. Alivaa miwani, alipenda usafi, hakuwa na subira na wajinga, na katika ukoo wao wajinga hawakuwa haba. Alimsikiliza mpwawe bila kumkatiza. Alipomaliza, Bwana Karibu alimwomba achukue ubani wake waende wakalifukuze lile jini jioni ile ile. Shangazi akasema ubani ni wa kumfukuza aliyeingia bila hodi. Huyu ameitwa. Akataka kujua nani aliyempa ahadi.

Bwana Karibu alieleza habari za ufagio, na kila asubuhi, na wateja wanavyocheka. Sauti yake ikapungua, ikapungua, mwisho akawa anaiambia sakafu.

"Wenzetu wale hawajui utani wa ahadi," alisema Shangazi. "Sisi tukisema siku moja, tunajua maana yake ni hapana. Wao mtu akiwaambia nitakuja, wanatandika mkeka, wanakaa, wanangoja. Umewangojesha umri mzima wa ndoa yako. Wamemchukua mkeo kidogo kidogo kwa sababu wewe huji."

Bwana Karibu alilia. Alilia wazi, mtu mzima na mvi zake, akasema kama ni deni ni lake, wamchukue yeye. Shangazi akamwambia afute kamasi. Dawa ilikuwapo na ilikuwa rahisi, na tangu mwanzo ilikuwa hiyo hiyo: kwenda. Ahadi ilikuwa ya watu wawili, basi waende wawili, kesho, kabla ya saa ya kulala mchana, kwa miguu yao wenyewe na macho yao wazi. Wabishe hodi. Wasalimie. Walitazame jumba lote, wasiruke pembe. Wasile wala wasinywe. Halafu waombe ruhusa, waondoke, na Bwana Karibu asithubutu kusema watarudi, hata kwa heshima, hata kwa mdomo kuteleza. Akamshika kidevu kama mtoto. "Mdomo wako ndio uliotufikisha hapa. Uchunge."

Usiku kucha hawakulala. Mama Pacha alifuma, mumewe akampigia hadithi za wateja wa zamani, na kila alipoona kichwa kinamwinamia alimfinya mkono. Asubuhi hakufagia mbele ya duka.

Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Bwana Karibu alibisha hodi, na kutoka chini, mbali, wakakaribishwa. Walishuka. Mama Pacha alitangulia bila kuomba tochi, mkono wake baridi umeshika wa mumewe, na kwenye ngazi ya mwisho alimwonyesha kwa kidole akanyage pembeni. Halafu macho yakazoea giza, na yule kinyozi, pamoja na hofu yake yote, akasahau kwa kitambo alichokuja kufanya.

Palikuwa pazuri. Hilo ndilo lililomuuma. Mwanga uliingia kwa tundu la juu ukaangukia maji, na maji yakaurudisha ukacheza kwenye nguzo, nguzo baada ya nguzo, mpaka macho yanaposhindwa, na tone likidondoka mahali fulani ulilisikia likiimba muda mrefu. Na vyote hivi vilikuwa hapa siku zote, mwisho wa mtaa, wakati yeye anafagia.

Mkeka ulikuwa umetandikwa ukingoni. Ulikuwa umelowa, na upande mmoja ulikuwa umeshabonyea, na Mama Pacha alikwenda moja kwa moja akakaa pale palipobonyea, pakamtosha. Mbele yake palikuwa na mabakuli mawili ya maji. Mwenyeji hawakumwona. Alikuwa nyuma ya nguzo, au alikuwa nyuma ya nguzo zote. Walichoona ni majani meusi marefu yakielea juu ya maji, yamejaa baina ya nguzo, yakisogea taratibu ingawa maji hayakuwa yakienda popote.

"Jirani," ikasema ile sauti ya upole. "Umechelewa."

Bwana Karibu akasema wasamehewe, majirani hawakosi kungojeshana. Ikamwuliza hali yake, hali ya duka, hali ya pacha mmoja mmoja, na kila ilipouliza ule weusi ulisogea karibu zaidi na mkeka, na alipouangalia vizuri, yeye ambaye ameshika vichwa vya watu tangu ujana wake, aliyejua kwa mguso tu nywele zipi zimekufa na zipi bado zinaota, akatambua kwamba yale hayakuwa majani, na kwamba zilikuwa hazijapata kukatwa, na kwamba zilikuwa zimeshauzunguka mguu wa mkewe, ule wa vidole vinne, mara moja na nusu, kwa ulaini, kama mtu anavyomshika mgeni asiharakishe kwenda. Waliambiwa wanywe, akasema wameshiba, ahsante. Waliambiwa wapumzike, akasema wamepumzika. Kichwa cha Mama Pacha kilianza kuinama. Juu, nje, jua lilikuwa linakaribia utosini.

"Jirani," akasema Bwana Karibu, na sauti yake ikatetemeka ikarudishwa na kila nguzo ikitetemeka vile vile, "tumekuja, tumeona, tumeshukuru. Sasa tunaomba ruhusa."

"Wote wawili? Huyu ameshazoea."

"Nilisema tutakuja mimi na mke wangu. Tumekuja wawili. Tunaondoka wawili."

Kimya kilichofuata, Bwana Karibu hakupenda kukielezea baadaye. Alisema tu kwamba ndani yake alisikia vitu vingi vikishauriana. Kisha zile nywele zikalegea, zikajivuta majini, na ile sauti ikasema, bila kinyongo, kwamba hiyo ni haki yao.

Alimwinua mkewe kwa makwapa. Walipanda, yeye nyuma sasa, akimsukuma mgongoni, na kila ngazi waliyopanda mgongo ule ulizidi kuwa na joto. Karibu na mlango alimwuliza kama amechoka.

"Magoti tu," akajibu Mama Pacha papo hapo, na hakuna kilichorudia.

Moyo wa Bwana Karibu ukajaa. Jua lilikuwa usoni kwao, mkewe ameshatoka nje, anapepesa macho na kucheka, unyayo wake mkavu juu ya mawe. Yeye mkono mmoja ulikuwa bado kwenye mlango wa chuma. Ndipo aliposikia kutoka chini ile sauti, haimwambii mtu, inajisemea tu, ya mzee aliyebaki peke yake baada ya wageni kuondoka.

"Nywele zetu zimekuwa ndefu mno. Huku chini hakuna kinyozi."

Na yule bwana, mwenye furaha yake, mwenye mdomo wake, mtu wa watu, akajibu kabla akili haijamzuia: "Hilo tu? Karibu dukani, jirani, nitakupunguza."

Mama Pacha aliacha kucheka. Chini kukawa kimya, muda wa neno kushuka, kugonga kitu, na kupanda tena.

"Ahsante, jirani. Leo hatuna nafasi. Siku moja tutakuja."

Shangazi alipoambiwa alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu. Alisema alimkataza kuahidi. Kukaribisha hakumkataza, alidhani ana akili. Mwaliko ukishatolewa haurudishwi. Wakija, awanyoe vizuri, asiwaulize lolote, na Mama Pacha asiwepo dukani, kwa maana wanamjua na wanampenda. Akamshauri mwanamke ahamie kwa mmojawapo wa pacha, na basi liwe limekwisha. Mama Pacha akakataa. Mumewe alimbembeleza, akamgombeza, mwisho akapiga magoti.

"Siku moja yako nimeingoja tangu nilipokuwa bibi arusi," alimwambia. "Na hii nitaingoja nawe."

Tangu hapo wamepanda kilima na wamekwea mnara wa saa. Wamekula maembe kwenye stesheni isiyo na treni, wamekaa kwenye benchi kama vijana. Mama Pacha halali tena mchana. Hukaa mlango wa katikati na sindano zake. Duka liko pale pale, ila mwenyewe amebadilika. Hakaribishi mtu. Ukiingia anakuonyesha kiti kwa kidevu, ukitoka anakupa kisogo, na watu wasiojua wanasema uzee umemharibu. Kila asubuhi hutundika msumarini shuka safi moja ambayo hajamvalisha mteja yeyote.

Wiki iliyopita, saa ya jua la utosi, alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imekwisha. Harufu ikaja kwanza. Kisha kutoka mwisho wa mtaa ukaja ule mwendo, kitu kirefu kilicholowa kikiburutwa juu ya mawe bila haraka, ukasogea, ukasogea, ukasimama nje ya mlango wa duka, nyuma ya pazia la shanga lililoning'inia hapo. Maji yakapita chini ya pazia, membamba, yakaja mpaka kwenye mguu wa kiti. Sindano za Mama Pacha zilinyamaza. Bwana Karibu alisimama na mkasi hewani na meno yameuma ulimi, akasikia ladha ya damu.

"Jirani," ikasema sauti kule nje, kwa uchangamfu, kwa utani kabisa. "Leo hatuna nafasi. Siku moja."

Ule mwendo ukaanza tena, ukarudi ulikotoka. Muda mrefu ulipita kabla mkasi haujaanza tena. Mteja akauliza nani yule. Bwana Karibu akasema ni jirani, amepita tu.

"Sasa wewe Bwana Karibu," mteja akamcheka kwenye kioo, "mbona hukumkaribisha?"